Nyanya Zinazochanua Ajabu na Kukua Ovyo Ndani ya Grinihausi: Mwongozo Kamili kwa Mkulima wa Mombasa

Maswali yanayonifikia kutoka kwa wenye grinihausi za Kisauni, Bamburi na Likoni, hadi kule Mtwapa, yanafanana mno. Mnyanya umepita kimo cha mtu lakini hauna tunda. Maua yalijaa Jumatatu, Ijumaa yako chini. Kichala kimetoa jani mwishoni mwake. Ua moja limekuja pana, petali zimerundikana, na tunda lake limetoka na makovu na mikunjo. Na karibu kila anayeuliza huwa amekwisha kumwaga mbolea ya CAN, amepiga dawa mbili tatu za dukani, na hali imezidi kuharibika.

Inauma kuona pesa ikipotea hivyo, maana mbegu chotara ni ghali na polithini ni ghali zaidi. Kwa hiyo shika neno moja kabla hatujaanza: pima kwanza, tibu baadaye. Hapa kwetu pwani, maua mengi ya ajabu yanaletwa na joto la usiku, hewa nzito iliyosimama, na naitrojeni iliyozidi. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloponywa na dawa ya chupa.

## Vifaa vya kuwa navyo

- Kipimajoto kinachohifadhi joto la juu na la chini kabisa la siku, na ikiwezekana kinachoonyesha unyevu wa hewa pia
- Futi ya kamba au rula ya sentimita 30
- Penseli ya kawaida
- Lenzi ya mkono ya kukuzia vitu vidogo
- Mkasi wa kupogolea na spiriti ya kuufutia
- Mswaki wa umeme, hata ule wa bei ya chini kabisa
- Mita ya EC ya kupimia chumvi kwenye maji (azima kwa jirani au lipia kipimo ikiwa huna)
- Neti ya kivuli ya asilimia 30
- Mitego ya njano yenye gundi
- Vipande vya uzi wa rangi na daftari

Uzi wa rangi watu huudharau. Utaona kazi yake hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Jua mbegu uliyopanda ina tabia gani

Nusu ya "maajabu" ninayotumiwa kwa picha si maajabu. Ni tabia ya mbegu yenyewe.

Nyanya zina namna mbili za kukua. Ya kwanza ni ile isiyo na kikomo, mfano Anna F1. Hiyo hutoa kichala cha kwanza baada ya majani kama manane hadi kumi, kisha huweka kichala kingine kila baada ya majani matatu, na hupanda juu bila kusimama. Ya pili ni fupi, mfano Cal-J na Rio Grande. Hiyo huweka vichala karibu karibu, kila jani moja au mawili, halafu kichwa chenyewe hugeuka kichala na shina likakoma hapo.

Ukipanda Cal-J ndani ya grinihausi na kuikata machipukizi yote ya kwapani, utabaki na shina moja lililokoma, lenye vichala vichache, nawe utadhani mmea umerogwa. Umeukata matawi ambayo ndiyo yangezaa.

Soma pakiti. Ikiwa miche ulinunua bila pakiti, hesabu majani kati ya kichala na kichala kwenye mimea mitano tofauti. Majani matatu kwa uthabiti: mbegu ndefu. Moja au mawili: mbegu fupi, na haifai kufundishwa kwa shina moja.

Umefaulu ukiweza kusema bila kusita mmea wako ni wa aina gani, na kichala kijacho kitatokea wapi.

## Hatua ya 2: Pima joto la usiku kwa wiki nzima

Ning'iniza kipimajoto katikati ya banda, usawa wa vichwa vya mimea, kikingwe na jua la moja kwa moja. Kikipigwa na jua kitakupa namba ya uongo. Kila asubuhi andika joto la chini la usiku, joto la juu la jana, na unyevu.

Namba za kulinganisha ni hizi. Mnyanya hushika matunda vizuri usiku ukiwa kati ya nyuzi 15 na 20 za Selsiasi. Usiku ukipita 21 au 22 mfululizo, matunda huanza kupungua. Mchana ukipita 32, chavua (ule unga wa kiume wa ua) huanza kufa, na kila nyuzi inayoongezeka huzidisha hasara. Unyevu unaofaa ni asilimia 60 hadi 70. Ukipita 80, chavua hunata na haidondoki.

Sasa tazama Mombasa. Kuanzia Januari hadi Machi, Kaskazi ikivuma, mchana hufika 32 au 33 huko nje, na usiku hukaa karibu na 24. Julai na Agosti, wakati wa Kusi, mchana huteremka hadi 27 au 28 na usiku karibu 20. Hayo ni ya nje. Ndani ya banda lililofungwa adhuhuri, joto huweza kupita 40.

Kuna jambo linalowapotosha wengi hapa. Chavua huumbwa ndani ya tumba siku kama 8 hadi 13 kabla ya ua kufunguka, na wakati huo ndio inapodhurika zaidi na joto. Kwa hiyo ua linaloanguka leo mara nyingi linakusimulia habari za wiki iliyopita. Usitazame hali ya hewa ya leo, ukaona kuna kibaridi, ukakata shauri kwamba joto halihusiki. Rudi nyuma kwenye daftari.

Umefaulu ukiwa na safu saba za namba, na unaweza kuona ni usiku upi ulivuka 22.

## Hatua ya 3: Soma kichwa, shina na ua

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Chagua mimea kumi iliyotawanyika bandani, si ile ya mlangoni tu. Ifunge uzi wa rangi ili kila wiki urudi kwa ileile. Macho yakiachwa huru hukimbilia mmea mbaya kuliko wote na kuhukumu shamba zima kwa huo.

Fanya vipimo hivi asubuhi.

Unene wa shina. Shuka sentimita 15 kutoka kichwani, weka penseli kando ya shina. Shina lenye afya hapo lina kama sentimita 1, unene wa penseli au zaidi kidogo. Likiwa nene mno, milimita 15 na kuendelea, mmea umeelemea kwenye majani: una chakula kingi kuliko unachojua kukitumia. Likiwa jembamba kuliko penseli, mmea umechoka, ama kwa matunda mengi, ama kwa chumvi, ama kwa mizizi mibovu.

Umbali wa ua lililofunguka hadi kichwani. Kawaida ni sentimita 15 hadi 20. Kichala kikichanua karibu sana na kichwa, chini ya sentimita 10, mmea hauna nguvu ya kukua. Kikichanua mbali, sentimita 25 na zaidi, mmea unakimbilia juu na kuacha maua nyuma.

Sura ya majani ya kichwani. Majani yaliyojiviringa kwa nguvu kuelekea chini, mazito, kijani kilichokolea karibu na weusi, ni dalili ya naitrojeni iliyozidi. Kujikunja kidogo alasiri na kufunguka asubuhi si tatizo.

Rangi ya ua. Njano iliyokolea, petali zimejipinda nyuma: zuri. Njano iliyopauka, petali hazifunguki sawasawa: mwanga hautoshi au unyevu umezidi.

Andika kwa kila mmea: "majani", "sawa" au "umechoka". Kila unachokifanya kuanzia hapa kinategemea neno hilo, kwa sababu dawa ya mmea ulioelemea majani ni sumu kwa mmea uliochoka.

## Hatua ya 4: Litambue umbo la ajabu na ulishughulikie

### Ua linanyauka na kuanguka kwenye kifundo

Kikonyo cha ua la nyanya kina kifundo katikati. Ua lisiporutubishwa, kikonyo hugeuka njano kuanzia kwenye kifundo hicho na ua hukatika hapo hapo. Si fangasi aliyelikata. Mmea umelitupa wenyewe.

Linganisha na daftari. Usiku ulikuwa wa joto? Nenda hatua ya 5. Usiku ulikuwa sawa lakini banda halina upepo? Nenda hatua ya 6. Shina ni nene na majani yamejiviringa? Hatua ya 7.

### Kijiti kimetokeza nje ya ua

Ua la nyanya lina mrija wa njano katikati, wenye chavua kwa ndani. Kijiti cha kike kinatakiwa kukaa ndani ya mrija huo ili chavua ikidondoka ikiguse. Kwenye joto kali kijiti hurefuka na kutokeza nje, kikawa kijani, kinaonekana hata bila lenzi. Ua la hivyo hata ulitikise vipi, chavua hukipita.

Hakuna cha kulifanyia ua hilo. Hesabu ni mangapi ya namna hiyo kati ya maua ishirini. Yakizidi matano, shida ni joto, na juhudi zote zielekezwe kwenye kupoza banda.

### Kichala kimetoa jani au chipukizi mwishoni

Hili ndilo linaloshangaza watu kuliko yote: kichala kina maua matano, kisha ncha yake inaendelea na kuwa tawi lenye majani. Hutokea mmea ukiwa na nguvu nyingi kupita kiasi, hasa naitrojeni ikizidi na joto likipanda ghafla, na mbegu nyingine zina mwelekeo huo zaidi ya nyingine.

Kata chipukizi hilo kwa mkasi uliofutwa spiriti, mara tu baada ya ua la mwisho. Usilichane kwa mkono, kwani kikonyo cha kichala huchanika kirahisi na kichala chote kikafa. Ukiliacha, litavuta chakula na kukivunja kichala kwa uzito. Kisha rekebisha mbolea. Kukata bila kurekebisha ni kujipa kazi ileile tena kwenye kichala kijacho.

### Ua kubwa lililoungana

Tazama kwa lenzi: petali zimezidi sana, na mrija wa njano ni mpana, umebapa. Hayo ni maua mawili au zaidi yaliyoota yakiwa yameshikana. Hupatikana zaidi kwenye mbegu za nyanya kubwa na mara nyingi kwenye kichala cha kwanza. Katika nchi za baridi hali hii husababishwa na usiku wa baridi wakati tumba likiumbwa. Kwetu baridi hiyo haipo, kwa hiyo ukiliona, itazame mbegu kwanza.

Ling'oe likiwa bado ua. Tunda lake huwa na makovu na mashimo, na sokoni Kongowea mnunuzi atalitupa kando, huku limekula nafasi ya matunda matatu safi.

### Kichwa kimepotea

Mmea umefika mahali ukaishia na jani moja au kichala, bila ncha ya kukua. Kwenye mbegu fupi hiyo ni kawaida. Kwenye mbegu ndefu, ncha imeuawa: na mdudu, na joto la moja kwa moja la polithini, na kidole kilichong'oa ncha kikidhani ni chipukizi, au na ukosefu wa boroni, ambao hufanya ncha kuwa ngumu na yenye kuvunjika.

Usiung'oe. Acha chipukizi lenye nguvu karibu na juu, lifunge kwenye kamba, liwe kichwa kipya. Utapoteza kama wiki mbili, basi.

### Shina limepasuka au lina uwazi katikati

Hutokea kwenye mimea uliyoandika "majani". Punguza naitrojeni, na usikate machipukizi mengi kwa siku moja, kwani nguvu yote huingia shinani.

### Vinundu na mizizi kwenye shina

Vinundu vyeupe vinavyojipanga mstari kwenye shina, juu kidogo ya udongo, ni mizizi inayotaka kutoka. Mombasa hili ni jambo la kila siku msimu wa mvua, kwa sababu unyevu wa hewa ni mwingi. Peke yake halina madhara. Lakini likiambatana na majani ya chini kugeuka njano, chimbua kidogo: mizizi ya chini huenda imezama kwenye maji na inakosa hewa.

### Onyo: yasiyo tabia bali ugonjwa

Kabla ya kurekebisha chochote, ondoa haya kwenye mashaka.

Majani ya juu madogo, yamejikunja kwenda juu, kingo za njano, mmea umedumaa na maua yanaanguka: hivyo ni virusi vya mkunjo wa majani, vinavyobebwa na inzi weupe. Geuza jani utazame chini yake. Mmea huo hauponi. Ufunge ndani ya mfuko ukiwa bado umesimama, ili inzi wasitawanyike, ndipo uung'oe.

Matumba yamevimba, sepali zake za kijani zimeungana na ua halifunguki kamwe: ni fitoplasma, kijidudu cha jamii ya bakteria, huletwa na wadudu wadogo wafyonzao utomvu. Ng'oa.

Kichwa kimegeuka rangi ya shaba, kigumu, majani membamba: chukua lenzi utafute utitiri. Hupenda joto lenye unyevu, na hiyo ndiyo hali ya kwetu. Hapa kweli dawa inahitajika, iliyo maalumu kwa utitiri, kwa sababu dawa ya kawaida ya wadudu huwakosa.

Majani yamejisokota na kuwa membamba ghafla kwenye banda zima, hasa upande mmoja: uliza jirani kama amepiga dawa ya magugu ya 2,4-D. Uliza pia nafsi yako kama pampu yako iliwahi kubeba dawa hiyo. Pampu ya magugu isiingie kwenye nyanya hata ikioshwa.

## Hatua ya 5: Poza banda

Fungua pande zote mapema, jua likichomoza, usingoje joto lipande. Hapa pwani hakuna sababu ya kufunga pande usiku, isipokuwa mvua ya upepo. Joto la usiku ndilo adui wako mkubwa, na banda lililofungwa usiku hulihifadhi.

Kusi hutoka kusini mashariki, Kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Zote mbili huja kutoka upande wa bahari. Ukijenga banda jipya, ule ubavu mrefu uuelekeze mashariki ili upepo upite kwenye mimea yote. Acha na tundu la juu la kutolea hewa moto. Banda lisilo na tundu la juu hubaki na joto darini hata pande zikiwa wazi.

Neti ya wadudu ina gharama yake: matundu yakiwa madogo ya kuzuia inzi weupe, upepo nao huzuilika. Suluhisho si kuiondoa. Ongeza eneo la neti, pandisha kuta za neti juu, punguza polithini ya ubavuni. Na isafishe, kwani vumbi na chumvi ya bahari huziba matundu.

Tandika neti ya kivuli ya asilimia 30 juu ya paa miezi ya Januari hadi Machi, kisha iondoe mvua za masika zikianza. Ya asilimia 50 au 70 nakusihi uiache, maana mnyanya uliokosa mwanga hurefuka na kutupa maua kwa sababu nyingine tena.

Onyo: ushauri wa kumwagia maji sakafuni ili kupoza banda unafaa sehemu kavu. Maji hupoza yanapogeuka mvuke, na hewa ya Mombasa tayari imejaa mvuke. Ukimwaga, joto litashuka kidogo sana, unyevu utapanda, chavua itanata na fangasi watashangilia.

Umefaulu ukiona joto la juu la ndani halizidi la nje kwa zaidi ya nyuzi tatu au nne.

## Hatua ya 6: Tikisa maua

Ua la nyanya hujirutubisha lenyewe, lakini lazima litikiswe ili chavua idondoke. Huko shambani kazi hiyo hufanywa na upepo na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao hutetemesha ua wakiwa wamelishika. Ndani ya neti hakuna upepo wa kutosha na hakuna nyuki. Kazi ni yako.

1. Ngoja umande ukauke. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi ndio wakati mwema. Adhuhuri joto limekwisha kuharibu.
2. Gusisha mgongo wa mswaki wa umeme kwenye kikonyo cha kichala, si kwenye ua lenyewe, sekunde moja au mbili.
3. Tazama dhidi ya mwanga. Vumbi laini la njano likidondoka, umefika. Lisipodondoka, hewa ina unyevu mno, rudia baada ya saa moja.
4. Rudia kila siku au kila siku ya pili. Ua hukaa wazi siku chache tu.

Kama huna mswaki, gongagonga waya wa juu unaoshikilia kamba, safu kwa safu, kwa fimbo. Si hodari kama mswaki lakini hufanya kazi.

Maduka ya pembejeo huuza homoni za kushikisha maua. Sizipendekezi kwa anayeanza. Kipimo kikizidi kidogo tu, tunda hushika bila mbegu, likawa na uwazi ndani na pembe nje.

Umefaulu ukiona petali zimejipinda nyuma na kukauka huku kikonyo kikibaki kijani, na ndani ya wiki moja kijitunda kidogo kinachungulia.

## Hatua ya 7: Rekebisha chakula na maji

Mimea uliyoandika "majani": simamisha CAN, yurea na samadi ya kuku. CAN ina naitrojeni kama asilimia 26, na wengi huitupia mkono mmoja kila wiki bila kupima. Hamia mbolea yenye potasiamu nyingi, na naitreti ya kalsiamu kwa kiasi kidogo. Usichanganye naitreti ya kalsiamu na mbolea zenye salfeti au fosfeti ndani ya ndoo moja, zitaganda na kuziba mipira ya matone.

Mimea uliyoandika "umechoka": usikimbilie mbolea. Pima chumvi ya maji kwanza. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na maji mengi ni ya chumvichumvi. Maji yenye EC ya hadi 1.7 (kwa kipimo cha mS/cm) mnyanya huyavumilia bila kupoteza mavuno. Kwenye 2.3 mavuno hupungua kama asilimia 10, kwenye 3.4 robo nzima, na kwenye 5.0 nusu. Mbolea nayo ni chumvi. Ukiiongeza juu ya maji ya chumvi, unakaza kamba iliyokwisha kukaza.

Maji yakiwa ya chumvi, vuna ya mvua kwenye paa la banda lenyewe uyachanganye na ya kisima, na kila baada ya muda mwagilia zaidi kidogo ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Udongo wa kichanga unahitaji maji kidogo mara nyingi kwa siku, si mengi mara moja.

Onyo: wako wanaoinyima mimea maji ili "iogope na kuzaa". Matokeo ni kitako cha tunda kuoza na kuwa cheusi, kwa sababu kalsiamu husafiri na maji na matunda ndiyo hukosa kwanza.

Ukiona majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani, huo ni upungufu wa chuma unaoletwa na chokaa ya matumbawe kwenye udongo. Pima udongo kabla ya kununua chochote. KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, wana kituo Mtwapa, nenda ukaulize.

Umefaulu ukiona wiki mbili baadaye penseli yako na shina vinalingana, na ua limerudi sentimita 15 hadi 20 kutoka kichwani.

## Hatua ya 8: Pogoa kwa kiasi

Kwa mbegu ndefu, toa machipukizi ya kwapani yakiwa mafupi kuliko kidole, asubuhi, kwa kuyapinda pembeni. Yakishakuwa makubwa, yakate kwa mkasi, na uyatoe kwa awamu. Kabla ya kuvunja, hakikisha si kichwa unachokishika: chipukizi hukaa kwenye kwapa la jani, kichwa kiko juu ya majani yote.

Majani yaliyo chini ya kichala kinachoiva yatolewe, mawili au matatu kwa wiki. Yale yanayokinga matunda na jua yaache. Jua letu huunguza tunda likabaki na doa jeupe.

## Hatua ya 9: Panga miezi

Hatua zote nane hupunguza hasara. Kalenda huizuia.

Lengo ni maua yafunguke kati ya Juni na Septemba. Sia mbegu kitaluni mwezi wa Aprili, hamisha miche ikiwa na mwezi mmoja, yaani Mei, na kichala cha kwanza kitachanua Juni. Tunda huchukua kama siku 45 hadi 60 tangu kushika hadi kuiva, kwa hiyo utaanza kuchuma Agosti. Masika huangukia kwenye miche yako, basi panda kwenye tuta lililoinuka na uchimbe mtaro wa kutolea maji kuzunguka banda.

Januari hadi Machi, usilazimishe nyanya. Tumia joto hilo hilo kuisafisha ardhi: ng'oa mabaki yote, lowesha udongo vizuri, ufunike kwa polithini angavu iliyobana udongo, zika kingo zake, uiache wiki nne hadi sita. Joto litakalojikusanya chini yake hupunguza minyoo ya mizizi, fangasi na mbegu za magugu.

Ikiwa huwezi kuacha banda likae bila mapato, panda mchicha au sukuma wiki. Bilinganya na pilipili usiweke hapo, maana ni jamaa wa nyanya na hushiriki nayo mnyauko wa bakteria. Bamia nayo iepuke kama uliwahi kung'oa mnyanya ukakuta mizizi ina vifundo, kwa sababu minyoo ile huipenda bamia sana na utakuwa umeilisha hadi Mei.